Banda la Bati Nyuma Yangu

Kule Kurrabung, mji wetu mdogo wa wakulima wa ngano, kwa miaka thelathini, mtu akianza kuupeleka mpira kusikojulikana alikuwa anakuja kwangu. Mimi Athol Brennick, fundi wa maghala ya ngano, bingwa wa klabu ya gofu mara tisa. Jina langu lipo kwenye ubao ulio juu ya friji ya bia, mara tisa, kwa rangi ya dhahabu, na aliyeliandika ni mimi mwenyewe, maana ndimi mwenye mkono usiotetemeka. Basi mtu anakuja, anasema, "Athol, hebu nitazame, mpira unanikimbilia kulia." Namtazama, halafu namwambia: "Fimbo irudi nyuma moja kwa moja, ishuke kwa njia ile ile iliyopandia. Kama mlango kwenye bawaba. Umeona wapi mlango unazungukazunguka? Nitazame mimi." Na wanaume wazima wakanitazama, wakaitikia kwa kichwa, wakasema asante. Nikivikumbuka vile vichwa leo, masikio yananiwaka moto.

Mke wangu anaitwa Verna. Alianza gofu akiwa na miaka hamsini na mbili, watoto walipokwisha kuhama. Kabla ya hapo, miaka ishirini mizima, kila Jumamosi alikuwa akitembea nyuma yangu akivuta toroli la fimbo zangu, kofia imeshuka usoni, nzi wamejaa mgongoni, hasemi kitu. Siku aliyoshika fimbo mwenyewe hakuomba kufundishwa wala nini. Alisimama, akapiga, mpira ukaenda. Si mbali, lakini katikati. Wa pili katikati. Wa tatu katikati. Wanawake wa klabu wakambatiza Posta, kwa sababu kila alichotuma kilifika.

Alikuwa anataka kitu kimoja tu: jina lake ubaoni. Mwanamke huyu amekaanga soseji za klabu, amepiga deki, amekwangua kwa reki ya chuma, siku za mashindano, mchanga unaozunguka kila shimo kwetu badala ya nyasi, na jina lake halikuwepo popote pale ndani isipokuwa kwenye karatasi ya zamu za jikoni. Njia ilikuwa moja, kombe la mume na mke, kila Septemba. Mpira mmoja, mnapiga kwa zamu, huyu akiharibu yule anarekebisha. Wenyewe tunaliita Kombe la Talaka. Na safari ninayosimulia ilikuwa ya mwisho kwetu, kwa kuwa nyonga yangu ilikuwa imekwisha, nyumba tumeshaiuza, na Oktoba tungehamia pwani kwa wajukuu.

"Mwaka huu, Athol," aliniambia Krismasi, anaosha vyombo. "Mwaka huu tu, basi."

"Limekwisha hilo," nikasema. Mdomo wangu huo.

Sasa nifike kwenye aibu. Ziko kadhaa, naanza na ya kwanza.

Asubuhi moja ya Juni, nyasi zimeganda kwa baridi, tulikuwa kama watu kumi na wawili pale pa kuanzia shimo la kwanza. Verna akainua fimbo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu, maana siku zote mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nikaona. Mikono yake ilikwenda nje, ikapanda juu wima, na kule juu ikachora kitanzi kikubwa kabla ya kushuka. Mpira ulikwenda katikati kama kawaida yake. Lakini mimi kitanzi nilikuwa nimeshakiona.

"Ala! Verna, ndiyo nini hiyo? Unapiga gofu au unafukuza nzi?"

Watu wakacheka. Nami nikipewa kicheko huwa sijui kuacha. "Jamani, mimi sikumfundisha hivyo! Haki ya Mungu, hiyo hakuitoa kwangu!"

Wakacheka zaidi. Clarrie Pascoe, anayehudumia kaunta ya klabu na ambaye ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, alicheka mpaka akashikilia mti. Nikajiona bingwa wa mizaha. Verna aliinama kuokota kijiti chake cha kuwekea mpira, shingo imemwiva nyekundu. Aliponyanyuka aliniangalia kama mtu anayetaka kuuliza kitu, halafu akaacha.

Nikaamua kumnyoosha. Kila jioni, kabla ya chakula, tulikuwa tunasimama uani kando ya gereji. Yeye anashika fimbo yake, mimi nashika ufagio, mpini nimeuelekeza upande wake wa nje. Mikono ikipotoka tu, inaugonga mpini.

Tak!

"Tena."

Tak!

"Mlango, Verna, mlango! Bawaba!"

"Naumia, Athol."

"Mwili unajifunza."

Wiki ya tatu kiganja chake cha kulia kilikuwa na alama za bluu mpaka kwenye kifundo. Wiki ya sita hakuwa anagonga tena ufagio, na hakuwa anaupiga mpira pia. Mmoja ulikwenda kwenye vichaka, mwingine ulibingirika kama yai, mwingine alikata hewa tupu. Posta ikafungwa. Siku moja ya Agosti aliketi ndani ya pikapu, akaegemeza paji la uso kwenye dirisha, akalia bila kutoa sauti.

"Zamani ulikuwa unakwenda," akasema.

"Ulikuwa unakwenda kwa bahati. Lazima uharibike kwanza ndipo utengenezeke."

Maneno hayo niliyatamka mimi, na sikuona haya. Wiki ile ile nilipanda ngazi pale klabuni nikapima kwa penseli nafasi ya mwaka huu ubaoni, herufi kwa herufi, majina yetu mawili, nipate kujua kama yataenea.

Jumamosi, siku moja kabla ya kombe, Jodie, binti wa Clarrie, alikuja kutoka mji wa Dubbo anakofundisha michezo shuleni. Alizunguka uwanjani na simu yake akitupiga picha sote, picha za kwenda polepole, na jioni akaunganisha simu na televisheni ya klabu. Tulikuwa tumejaa, sote na mashati yetu ya bluu ya klabu, jua bado halijatua, pai za nyama zinapita. Tulimcheka Noreen, mke wa Clarrie, anayefumba macho akipiga. Tulimcheka Clarrie, na tumbo lake linalofika kabla ya fimbo.

Halafu ikaja picha iliyopigwa kwa karibu mno. Kichwa hakionekani, miguu haionekani. Shati la bluu tu, mikono, na fimbo. Na ile mikono ikaanza kwenda nje, ikapanda wima, ikachora kitanzi.

Nikaruka kutoka kitini.

"Simamisha hapo, binti! Rudisha! Verna yuko wapi? Verna, njoo uone!" Nilichukua fimbo ya meza ya pool, nikaenda mbele ya watu wote, nikaanza kuonyesha kwenye kioo kama mwalimu. "Tazameni hapa. Mikono imekwenda wapi? Nje. Na hapa? Kitanzi! Mtu anafunga ng'ombe kamba au anacheza gofu? Takataka tupu. Miezi mitatu nasema, mwanamke hasikii."

"Anko Athol," Jodie akasema taratibu.

"Ngoja, binti, nafundisha."

Picha ikasogea nyuma. Ukaonekana mkanda, ikaonekana suruali, yakaonekana mabuti. Buti la kushoto lilikuwa limefungwa kwa kamba nyekundu ya kufungia marobota ya nyasi, kwa sababu uzi wake ulikatika mwezi wa Mei na mimi ni mvivu wa kununua mwingine.

Verna alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na trei ya pai. Hakupandisha sauti.

"Hayo mabuti ni yako, Athol."

Loo, jamani. Nimewahi kuanguka kutoka juu ya ghala la ngano nikavunja mbavu mbili, na siku ile nilikuwa na nafuu kuliko siku hii. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Friji ilikuwa inanguruma, nami nimesimama na fimbo ya pool imegusa kioo, penye kitanzi changu mwenyewe.

"Simu ina kasoro," nikasema. "Imepigwa upande."

"Simu haina kasoro, mzee," Clarrie akasema. "Ndivyo unavyopiga tangu tukiwa watoto."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unashinda. Halafu wewe ukiambiwa kitu unanuna mwezi mzima. Kwanza tulidhani unajua. Tulipogundua hujui, muda ulikuwa umeshapita, ikawa aibu kukwambia."

"Na mwezi wa Juni? Pale pa kuanzia? Mlikuwa mnamcheka nani?"

Clarrie akaanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Niliiweka fimbo ya pool mezani nikatoka, na nilimwacha Verna pale mlangoni na trei yake. Hata kumngoja sikumngoja. Ilibidi Noreen amrudishe nyumbani kwa gari.

Nyumbani nilikwenda uani moja kwa moja nikachukua fimbo. Nilitaka kuhakikisha kwamba wamekosea. Nikafumba macho, nikaiinua polepole sana, kidogokidogo, nikiisikiliza mikono yangu kwa mara ya kwanza maishani. Moyoni nilikuwa nahisi mlango kwenye bawaba, naapa. Nilipofumbua macho fimbo ilikuwa imesimama wima juu ya kichwa changu kama mlingoti. Nikarudia mara kumi. Kila mara mikono ilikuwa inakikimbia kitu kilicho nyuma ya mgongo wangu. Nikageuka kutazama ni kitu gani. Hakukuwa na kitu. Ua mtupu na kamba ya nguo.

Ndipo nikakumbuka. Nikiwa na miaka tisa, baba alikuwa amenifupishia fimbo kuukuu ya gofu. Nilikuwa najifunzia nyuma ya banda la kukatia manyoya ya kondoo, kwenye uchochoro kati ya ukuta wa bati na uzio wa zizi, maana ndipo palipokuwa na kivuli. Baada ya chakula cha mchana baba alikuwa analala mle bandani. Fimbo ikigusa bati, bwaaa, anaamka, na akiamka anatoka na mkanda. Kwa hiyo nilijifunza kuipeleka nje, niipandishe wima, niizungushe juu, niishushe bila kugusa bati. Banda lile liliungua mwaka sabini na moja, likaisha lote. Baba mwenyewe amekufa siku nyingi. Na mimi, mzee wa miaka sitini na mitatu, mjuzi wa mji mzima, nilikuwa bado nalikwepa.

Nilipoingia jikoni Verna alikuwa amesharudi, anamenya boga. Nilipaswa kumwambia yote. Maneno yalikuwa mdomoni. Badala yake nikasema, "Kesho wewe piga tu kama ulivyokuwa ukipiga zamani."

Kisu kikasimama.

"Zamani vipi?"

"Kwa kile kitanzi."

"Sikumbuki tena, Athol," akasema. "Umeking'oa. Nikiinua mikono sasa hivi nausikia ufagio tu." Akaendelea kumenya, halafu akasema huku hanitazami, "Nilijifunza kwako, unajua. Miaka ishirini naangalia mgongo wako. Nilidhani ndivyo gofu inavyopigwa. Siku ile uliposema hukunifundisha, nikajua basi nimekuiga vibaya."

Nikasema nakwenda kufunga kuku. Kuku nilikuwa nimeshawafunga.

Sasa hapo mtu mwenye akili angekuwa ameshajifunza, sivyo? Subirini. Jumapili asubuhi, watu wamejaa na mashati yao ya bluu, nilisimama kupiga mpira wa kwanza, nikahisi macho yote kwenye mikono yangu. Kiburi kikapanda. Nikaamua leo nitawaonyesha mlango kwenye bawaba. Nikairudisha fimbo moja kwa moja, nikaishusha moja kwa moja, nikaupeleka mpira kwenye uzio wa shamba la ngano.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda mashimo tisa. Yeye akiharibu, mimi naharibu zaidi. Kwenye shimo la saba nilikata hewa, mimi, bingwa mara tisa, na kunguru mmoja akapiga kelele mtini nikadhani na yeye ananicheka. Verna alikuwa anatembea haraka mbele yangu, midomo ameibana. Kwenye shimo la tisa akaniuliza, "Unafanya nini?"

"Najinyoosha."

"Ili nani aone?"

Tulimaliza nusu ya kwanza tukiwa nyuma ya Clarrie na Noreen kwa mapigo manane. Watu walikuwa wanakula soseji zao kimya, kama kwenye matanga. Verna aliketi pembeni, akavua glavu, akaanza kuikunja. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba wake, akafunga zipu. Yeye huikunja namna hiyo akiwa amemaliza kucheza.

Nikasimama.

"Jamani, nisikilizeni." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Mwezi wa Juni, hapa hapa, nilisema Verna hakuitoa kwangu ile namna yake. Aliitoa kwangu. Kila kipande chake. Nilimcheka mbele yenu kwa kitu changu mwenyewe, halafu nikampiga ufagio mikononi miezi mitatu mpaka nikakiua." Nikawaeleza habari ya banda, na bati, na baba. Clarrie alikuwa ameshika soseji, haifiki mdomoni. "Samahani, Verna. Mimi ni mpumbavu."

Verna hakusema haidhuru. Hakuniambia kitu kitamu hata kimoja. Aliuchukua mpini wa toroli, akaja akasimama nyuma yangu, hatua tano, upande wa kulia, pale pale alipokuwa anasimama miaka ile.

"Geuka," akasema. "Piga, nikuone."

Nikapiga hewa, bila mpira. Niliiachia mikono iende inakotaka, nje, juu, kitanzi kizima, mbele ya mji mzima. Watu waliona haya kwa niaba yangu.

"Tena," akasema.

Nikarudia.

"Tena."

Mara ya saba akaachia toroli. Akafungua zipu, akavaa glavu. Shimo la kumi ni zamu ya mwanamke kuanza. Akasimama juu ya mpira, akainua, na kule juu nikaiona mikono yake ikisita, ikiutafuta ufagio, halafu ikauruka, ikazunguka. Mpira ukaenda katikati.

"Posta imefunguliwa!" Noreen akapiga kelele, na yeye alikuwa mpinzani wetu.

Tulicheza nusu ile kama tulivyopaswa kucheza tangu mwanzo, vitanzi viwili kwa zamu. Tulipunguza pigo moja, mawili, matatu. Kwenye shimo la kumi na nane Verna aliukwangua mchanga mwenyewe kwa reki, akanyoosha njia, akautia mpira shimoni kutoka hatua nane. Watu wakampigia makofi mpaka nzi wakaruka.

Tulishindwa kwa mapigo mawili.

Niliyahesabu mara tatu. Mawili. Mimi peke yangu, kwa kujinyoosha ili watu waone, nilikuwa nimepoteza si chini ya sita.

Jioni ile ile, kwa desturi yetu, majina yanaandikwa. Nikapanda ngazi na kopo la rangi ya dhahabu, nyonga inauma. Pale kwenye nafasi ya mwaka ule yalikuwepo maandishi yangu ya penseli ya Agosti, A, T, H, O, L, na baada yake jina la Verna. Nilikuwa nimesahau.

"Andika tu jina lake, Athol," Clarrie akasema kutoka kaunta. "Nani atalalamika? Sisi majina yetu yapo tayari kwa miaka mingine."

"Mimi nitalalamika," Verna akasema. Alikuwa ameishika ngazi isiteleze. "Futa."

Nikafuta kwa kidole gumba. Penseli haikutoka yote. Nikaandika Clarrie na Noreen Pascoe juu yake, na kwa mara ya kwanza mkono wangu ulitetemeka, na herufi ya mwisho imepinda mpaka leo.

Sasa tuko pwani. Huku mashimo yana nyasi laini, hakuna anayebeba reki. Nyonga wameshanibadilishia, daktari amenikataza fimbo kwa mwaka mzima, kwa hiyo kila Alhamisi nalivuta toroli mimi, natembea nyuma ya Verna. Kila akiinua fimbo naliona lile banda, na naiona mikono yake ikilikwepa, mwanamke ambaye hakuwahi hata kulitia machoni. Na wakati mwingine, si kila mara, kule juu inasita kidogo. Hapo nauona ufagio.

Wiki iliyopita mama mmoja wa klabu ya huku, ambaye hatujazoeana, alisimama karibu yangu akimtazama Verna. Akatabasamu, akaninong'oneza, "Jamani, mkeo nani alimfundisha kupiga vile?"

Verna alikuwa hatua tano mbele, na masikio yake ni mazuri.

"Mimi," nikasema.

Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, nami nikasogea nikampa fimbo inayofuata.